"Nakala bado": kisa cha wosia wa mama mmoja na watoto wanne

Kabla ya kisa

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika mji mmoja wa Pwani ya Kenya. Faili la familia hii lilipita mikononi mwangu tangu siku watoto watatu walipoingia ofisini wamenuna, mpaka siku makubaliano yao yalipogongwa muhuri wa mahakama. Wote wanne wameniruhusu nisimulie, pamoja na maneno machache yaliyosemwa faraghani. Majina nimeyaacha, mtaa nimeuficha, na vitu vidogo ambavyo jirani angewatambua kwavyo nimevibadilisha. Sheria inayohusika ni Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160. Familia ni ya Kikristo. Mirathi ya Waislamu ina utaratibu wake mwingine.

Mwalimu na mali yake

Mama huyu alifundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30. Wapangaji, majirani na hata wanawe walimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Mume alimfia mapema. Kwa mikopo ya SACCO ya walimu, yaani chama chao cha akiba na mikopo, mmoja ukiisha anachukua mwingine, alijenga nyumba ya vyumba 10: viwili vya kukaa mwenyewe, vinane vya kupangisha kwa sh 4,500 kila kimoja. Milimani alikuwa na shamba la ekari 3. Thamani ya vyote ilikuwa chini ya milioni 20, kwa hiyo shauri lilikwenda kwa hakimu mkuu badala ya Mahakama Kuu.

Kifungua mimba, nitakayemwita Kaka, ni mhasibu Nairobi. Wa pili, Dada wa Ghuba, alifanya kazi za nyumbani Uarabuni kwa miaka 9. Wa tatu, Dada wa Mjini, ni fundi cherehani na anaishi karibu na kwa Mwalimu. Wa nne ni Kitindamimba, aliyefanya kazi hotelini mpaka hoteli za Pwani zilipofunga milango mwaka 2020.

Akiwa na miaka 68, Mwalimu aliandika wosia kwa mkono wake, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nyumba na shamba vigawanywe sawa kwa wanne. Walimu wenzake wawili wakashuhudia na kutia sahihi. Wosia wa mkono unakubalika kabisa Kenya: mwenye mali atie sahihi, na mashahidi wawili au zaidi washuhudie. Karatasi hiyo aliihifadhi Dada wa Mjini kwenye sanduku la nguo.

Miaka mitatu ya mwisho

Alipofika miaka 76 Mwalimu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito, lakini akili ilirudi baada ya wiki chache. Kitindamimba, aliyekuwa amepoteza kazi miezi michache tu kabla, akahamia kwake pamoja na mkewe. Hili nataka lieleweke mapema, kwa sababu nduguze walipofika kwangu walikuwa wamekwisha kulisahau: kijana huyu alimwogesha mama yake, akambeba kwenda msalani, akampeleka kliniki kwa tuktuk kila mwezi. Mkewe alimlisha uji kwa kijiko. Miaka mitatu.

Mambo mengine yalibadilika polepole, bila ugomvi. Simu ya Mwalimu ikawa inakaa kwa mkwewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiisikia ikilia. Dada wa Ghuba akipiga, inawekwa spika. Wageni walikaribishwa vizuri na kupewa chai, ila daima palikuwa na mtu amekaa nao. Hakuna aliyefunga mlango. Nilipomuuliza Dada wa Mjini ni lini mara ya mwisho alikaa na mama yake wawili peke yao, alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akasema hakumbuki.

Miezi 14 kabla ya kufa, Mwalimu aliweka sahihi kwenye wosia wa pili.

Wosia wa pili

Ulikuwa kurasa mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza katika ofisi ya wakili. Nyumba yote na shamba lote kwa Kitindamimba, naye ndiye msimamizi wa wosia. Kuhusu watoto wengine kulikuwa na sentensi moja tu: kwamba watatu hao walikwisha kupata fungu lao la kutosha wakati wa uhai wa mama yao.

Baadaye tulijua namna ulivyoandaliwa. Kitindamimba ndiye aliyempigia wakili simu na kumweleza kinachotakiwa kuandikwa. Mwalimu alipelekwa siku moja tu, siku ya kutia sahihi, na akakaa pale muda usiofika nusu saa. Mwanawe alikuwa chumbani wakati wote. Ada alilipa yeye na risiti ilitoka kwa jina lake. Mashahidi walikuwa karani wa wakili na shemeji yake Kitindamimba, ndugu wa mkewe, aliyewasindikiza kumsaidia Mwalimu kupanda ngazi.

Baada ya mazishi

Wosia ulisomwa kwenye kikao cha familia siku tatu baada ya maziko, matanga yakiwa bado hayajaondolewa. Kaka alisimama akasema ule ni wa kughushi. Wifi yao akaangua kilio. Kikao kikavunjika hapo, na kundi la familia la WhatsApp likafutwa jioni ile ile.

Kaka alikwenda polisi. Wosia ukapelekwa kwa mtaalamu wa nyaraka, ukalinganishwa na fomu za hospitali alizotia sahihi Mwalimu kwa mkono wa kushoto baada ya kiharusi. Majibu yalichukua miezi mitano, nayo yalikuwa mafupi: sahihi ni yake. Miezi mitano ilitumika kuthibitisha jambo lililomfaa Kitindamimba.

Wakati huo huo Dada wa Mjini aliwaendea wapangaji na kuwaambia kodi wamletee yeye. Watano wakamletea, miezi miwili mfululizo. Aliona anailinda mali ya mama. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaona vingine: kushika mali ya marehemu bila kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi ni kosa la jinai, faini isiyozidi sh 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na mtu anayekwenda kumshtaki nduguye kwa kujinyakulia mali haifai aingie mahakamani na sh 45,000 za kodi kwenye mkoba.

Hapo ndipo walipofika ofisini kwetu. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuwaeleza wakae chonjo na Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa. Ombi la kusimamia mirathi lazima litangazwe, na anayepinga hupewa siku zisizopungua 30. Tangazo lao lilitoka wiki ya tatu tangu tuanze kulisubiri. Lakini tulipaswa kuwa tumeweka tahadhari kwenye masjala ya mirathi siku ile ile walipokuja, ili masjala yenyewe itujulishe ombi likiingia. Hatukufanya hivyo, na hilo ni kosa letu. Tuliliona tangazo siku ya 19 kati ya zile 30.

Tuliamua nini, na kwa nini

Kaka alikuja na rasimu ya hati ya kiapo aliyoiandika mwenyewe, kurasa 11. Ndani yake mlikuwa na kughushi, mlikuwa na madai kwamba mama alikuwa amerukwa na akili, na kwenye ukurasa wa saba alidai kwamba wifi yao alikuwa akimlisha mzee dawa za kumtuliza. Nilimuuliza nani aliona. Hakuna. Ukurasa wa saba niliuondoa wote, na nikamwambia kwamba wakili wetu hatauweka mahakamani hata akilipwa mara mbili. Maneno kama hayo yakishaandikwa na kuapiwa hayafutiki, na yule mwanamke alikuwa amelisha mama yao uji kwa miaka mitatu.

Madai ya kughushi yalikwisha kufa kwa ripoti ya mtaalamu. Tukayaacha.

Uamuzi mgumu ulihusu akili ya Mwalimu. Kifungu cha 5 humchukulia kila mwenye kuandika wosia kuwa na akili timamu, mpaka anayekataa athibitishe kwamba wakati ule hakujua anachokifanya. Tulipata faili la hospitali. Siku 11 kabla ya wosia daktari aliandika kwamba mgonjwa amechanganya tarehe na anamuulizia mumewe, aliyekuwa amekufa zamani. Kaka aliona huo ndio ushindi. Lakini kurasa mbili mbele, wiki tatu baada ya wosia, daktari yule yule ameandika kwamba mgonjwa anajua alipo, anajua siku, anahesabu kurudi nyuma vizuri. Siku ile aliyochanganya tarehe alikuwa na homa ya maambukizi ya mkojo, jambo linaloweza kumvuruga mzee yeyote kwa siku chache.

Tena hoja mbili hizi hazikai vizuri kwenye kinywa kimoja. Mama asiyejua anachokifanya hahitaji kushinikizwa; unampa karatasi anaweka sahihi. Mama wa kushinikizwa ni yule mwenye akili na msimamo wake. Sheria inaruhusu kuleta hoja za badala, ila shahidi yule yule akisema asubuhi kwamba mama hakuwa na fahamu, na mchana kwamba mama alikuwa akikataa, hakimu anaacha kumsikiliza. Watoto watatu walikuwa na mama wanayemjua: mtu wa hesabu, mtu wa msimamo. Tukawaambia wamlete mahakamani mama huyo.

Tulibaki na kifungu cha 7, kinachosema wosia ni batili ukiwa umetokana na udanganyifu, shuruti, au kung'ang'aniwa mpaka hiari ya mwenye wosia ikaondoka. Hapa watu wengi hukwama, kwa hiyo nitafafanua. Kwanza, mzigo wa kuthibitisha ni wa anayelalamika. Kuwa mtoto anayeishi na mama na kumhudumia hakutoshi. Sheria haidhani tu kwamba aliyekuwa karibu ndiye aliyemshawishi. Pili, kumwomba mzazi si kosa, kumkumbusha wema wako si kosa, hata kumlilia si kosa. Kosa ni kufika mahali ambapo anayetia sahihi anasema moyoni, "Hili silitaki, lakini sina budi."

Lakini kuna hali ambazo mahakama huzitilia shaka zenyewe, na hapo aliyeleta wosia ndiye hutakiwa kuiondoa shaka hiyo. Mahakama zetu bado hunukuu uamuzi wa Uingereza wa Barry dhidi ya Butlin, wa mwaka 1838: anayenufaika na wosia akiwa ndiye aliyeushughulikia uandikwe, mahakama ikae macho, na iridhike kwamba mwenye mali aliyajua na kuyakubali yaliyomo. Ndiyo maana tulijali nani alipiga simu, nani alilipa, nani alikuwa chumbani. Hatukujali nani alimpenda mama zaidi.

Mambo mawili waliyodhani yangewasaidia hayakuwa na uzito. Waliona ni ajabu mrithi kuwa msimamizi wa wosia. Ni jambo la kawaida kabisa. Waliona pia kwamba shemeji kushuhudia kunaubatilisha wosia. Kifungu cha 13 hubatilisha zawadi anayopewa shahidi mwenyewe, au mume au mke wa shahidi, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Shemeji yule hakuachiwa kitu, na Kitindamimba hakuwa mume wake.

Mwisho tukafungua mlango wa pili, ambao kwa maoni yangu ungepaswa kufunguliwa na kila mtoto aliyeachwa nje ya wosia. Kifungu cha 26 kinaipa mahakama uwezo wa kumtengea fungu mtegemezi aliyesahauliwa, hata kama wosia wenyewe ni halali. Na kwa kifungu cha 29, mtoto ni mtegemezi hata kama mzazi hakuwa akimtunza mwisho wa uhai wake. Mtu mzima mwenye kazi naye amo. Mahakama ya Rufani ilisema katika shauri la Ndolo mwaka 1996 kwamba uhuru wa kuandika wosia upo, ila si uhuru usio na mipaka. Mlango huu una kufuli moja: kibali cha kusimamia mirathi kikishathibitishwa na mahakama, maombi hayapokelewi tena. Kuthibitishwa huko kwa kawaida huja miezi 6 baada ya kibali kutolewa. Watu huipoteza haki hii wakiwa bado wanagombana kwenye simu.

Na kabla ya kuwasilisha chochote, Dada wa Mjini alizirudisha sh 45,000 kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya kodi, akaapa hivyo kwa maandishi. Hakupenda. Alisema, "Kwa hiyo mwizi ni mimi?" Nikamjibu kwamba mahakamani atakayeulizwa swali hilo kwanza ni yeye, na ni bora ajibu kwa risiti.

Daftari

Ushahidi mkubwa haukutoka kwetu. Kitindamimba, akijibu pingamizi, alitaka kuonyesha kwamba mama yake alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Akaambatisha nakala za daftari lake la kodi.

Nimelishika daftari lenyewe. Ni la shule, kurasa 200, jalada la buluu, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Kila mwezi Mwalimu alipiga mistari kwa rula: nambari ya chumba, jina, kiasi, na safu ya mwisho imejaa neno moja kati ya mawili, "amelipa" au "bado". Kabla ya kiharusi herufi zimesimama kama wanafunzi kwenye paredi. Baada yake zimelala kushoto, kubwa, zinatoka nje ya mstari, lakini hesabu haikosewi hata mara moja. Kitindamimba alikuwa sahihi. Mtu aliyeandika kurasa zile alikuwa na akili timamu.

Mwezi uliofuata wosia, chini ya chumba cha nane, ameongeza mstari wa tisa:

*Karatasi ya wakili. Nakala bado.*

Mwezi wa pili, mstari uko pale pale. *Nakala bado.* Mwezi wa tatu: *Nakala bado. Nimemuuliza tena.* Baada ya hapo haupo.

Wakili wetu alizisoma kurasa hizo kwenye gari akitoka masjala, akanipigia simu bila hata salamu. Mwalimu alikuwa ameiorodhesha karatasi yake mwenyewe kama mpangaji anayedaiwa. Mistari ile haisemi kwamba alilazimishwa. Inasema kwamba mtu makini kuliko wote katika familia ile aliweka sahihi kwenye hati ambayo hakubaki nayo, akaiomba miezi mitatu, na hakupewa. Iwapo aliyajua na kuyakubali yaliyomo, kwa nini aliitafuta hivyo?

Kitu cha pili tulikipata SACCO. Miezi mitano kabla ya wosia, ofisa wa SACCO alikuwa amempelekea fomu ya kuteua warithi wa akiba yake aijaze upya. Aliwaandika wanne, asilimia 25 kila mmoja. Fedha hizo huenda moja kwa moja kwa walioteuliwa na hazikuwa sehemu ya ugomvi, lakini fomu ilionyesha nia yake siku ambayo aliyekaa mbele yake alikuwa mtu wa SACCO.

Cha tatu ni risiti za Dada wa Ghuba. Alikuwa amezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, nyingine zimefifia mpaka hazisomeki. Bati la nyumba na sakafu ya vyumba vinne vilitokana na mshahara wake. Sentensi ya wosia kwamba amekwisha kupata fungu lake la kutosha ilikuwa kinyume cha ukweli: yeye ndiye aliyetoa. Kwa Kaka sentensi hiyo ilikuwa na ukweli fulani, maana alisomeshwa chuo kikuu kwa mkopo wa SACCO, na kifungu cha 28 huitaka mahakama ipime alichokwisha kupewa mtoto. Tulimwambia akiri hilo mwenyewe kwenye hati yake kabla hajaulizwa. Akakiri.

Upatanishi na matokeo

Mahakama ililipeleka shauri kwenye upatanishi, utaratibu ulioanzia mahakama za Milimani Nairobi mwaka 2016 na kusambaa baadaye. Kikao cha kwanza hakikuzaa kitu. Kati ya cha kwanza na cha pili, wakili aliyeandika wosia alitoa maelezo yake kwa maandishi. Alikuwa mkweli. Alisema maelekezo aliyapata kwa simu kutoka kwa mwana, alimsomea mama kwa Kiingereza naye akatikisa kichwa, hakumuuliza ana watoto wangapi, na nakala alimkabidhi mwana.

Kikao cha pili nilikuwapo, nikibeba mafaili. Kitindamimba hakuanza na wosia. Alimgeukia Kaka.

"Kaka, ulikuwa unatuma elfu tano kila mwisho wa mwezi, na Mungu akubariki. Mimi nilikuwa namgeuza kitandani saa nane za usiku. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi ninakula nini."

Hakuna aliyejibu. Kisha Dada wa Ghuba akasema, taratibu, "Nililea mtoto wa watu miaka 9 ili bati la ile nyumba lipatikane. Wangu alikua bila mimi. Wosia unasema nimeshapata fungu langu. Nilipata nini, mdogo wangu?"

Kijana aliinamisha kichwa. Aliposema tena alikuwa akiitazama meza. "Sikumpiga. Sikumnyima chakula. Nilimwambia tu. Kila siku nilimwambia kwamba nikiondoka hapa hana wa kumwangalia. Mwishoni akasema haya, nipeleke."

Makubaliano yaliandikwa siku ile. Wosia wa pili uwekwe kando kwa ridhaa ya wote. Nyumba isiuzwe: Kitindamimba asilimia 40, wengine 20 kila mmoja, naye abaki kwenye vyumba viwili vya mama bila kodi. Shamba sawa kwa wanne. Wasimamizi wawe wawili, yeye na Dada wa Mjini, na kodi ipite benki. Mahakama ikayapokea yakawa amri. Ilikuwa miezi 17 tangu pingamizi.

Kilichosaidia na kilichotuharibia

Kilichosaidia zaidi ni kukubali mapema kwamba Kitindamimba alimtunza mama yao kwa haki. Nilikuwa na wasiwasi kwamba tunampa silaha. Ikawa kinyume: hati zetu zilipomtambua, hakuwa na haja ya kujitetea kwa jambo hilo, akabaki kujibu maswali ya ofisi ya wakili, ambayo hakuwa na majibu yake. Ile asilimia 40 ilitokana na hapo. Hata ndugu waliokuja wakitaka asipate kitu waliitia sahihi bila kubishana.

Kuacha hoja ya akili ndiko kulikotuwezesha kulikumbatia daftari. Kama tungeapa kwamba Mwalimu alikuwa hajielewi, mistari yake mitatu isingekuwa na thamani kwetu. Tungekuwa tumemwita shahidi wetu bora mtu asiyejijua.

Kilichoharibu ni polisi. Miezi mitano, na uhasama ambao haujaisha: mke wa Kitindamimba aliitwa kituoni mara mbili kuandikisha maelezo na mpaka leo haketi meza moja na Kaka. Tuhuma ya kughushi na tuhuma ya kushinikiza ni vitu viwili tofauti, tena vinapingana, kwa sababu ya pili inakiri kwamba sahihi ni ya kweli.

Gharama nazo ziliumiza. Dada wa Ghuba alirudi nyumbani kwa ajili ya shauri na hakupata tena kazi aliyoiacha. Fungu lake la kodi ni sh 7,200 kwa mwezi. Ukipiga hesabu ya alichopoteza, itachukua miaka kukifidia.

Kuna na lile la wakili wa wosia. Angeweza kuepusha yote haya kwa dakika 20: amtoe mwana nje, amuulize Mwalimu kwa Kiswahili ana watoto wangapi na kwa nini anampa mmoja, aandike majibu, aombe barua ya daktari, nakala amkabidhi yeye mwenyewe mkononi. Huenda Mwalimu angesema ndiyo, nataka nyumba iwe ya huyu aliyenibeba. Basi wosia ungesimama imara kwenye kifungu cha 7, na nduguze wangebaki na kifungu cha 26 tu. Huenda angesema hapana. Hatutajua, na hicho ndicho kilichowauma wote wanne, pamoja na Kitindamimba.

Mimi na wakili wetu bado tunabishana kama tungeshinda shauri likisikilizwa. Yeye anaamini daftari, risiti ya ada na maelezo ya wakili mwenzake vilitosha kuuangusha wosia. Mimi naona vilitosha kuutilia shaka, lakini kifungu cha 7 kinataka zaidi ya shaka, na neno pekee lililokitimiza ni lile la "kila siku" alilolitamka Kitindamimba akiitazama meza. Yasemwayo kwenye upatanishi hayapelekwi kwa hakimu. Mahakamani, akiwa na wakili wake pembeni, sidhani kama angelisema.